SOMO LA KIKUNDI: Mguu Ulivunjika, Kibanda Kikafunguliwa



Somo letu la safari hii ni la mpira na biashara. Wazee msikunje uso, na kina mama msiseme, "Hayo tuwaachie vijana." Habari hii inamhusu kila mtu anayekula kwa nguvu za mwili wake: mchuna chai, mchimba mawe, fundi wa nyumba, mpiga jembe, kijana wa boda boda. Siku mwili ukigoma, chakula kitatoka wapi? Na ukipewa pesa kidogo ya kukuliwaza, utaifanyia nini?

Tutamfuata Dave Whelan, mchezaji wa mpira wa Uingereza aliyevunjika mguu mbele ya taifa zima, akaanza kuuza sabuni sokoni, na baadaye akawa tajiri mkubwa. Hatutamsifu tu. Kuna mahali alifanya vizuri, na kuna mahali mambo yaliharibika. Yote mawili yanafundisha.

Malengo ya somo

Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze:
1. Kueleza tofauti ya kula mtaji na kuzungusha mtaji.
2. Kupiga hesabu ya kupunguza bei: lini inaleta faida na lini inaleta hasara.
3. Kutaja mambo matatu yanayoweza kuangusha biashara hata ikiwa kubwa.

Kwa anayeongoza

Tengeni saa moja na nusu. Mtu mmoja asome sehemu moja kwa sauti, kisha msimame mjibu maswali yake kabla ya kuendelea. Msikimbie. Kama kuna wasiojua kusoma, wasiachwe nyuma. Mara nyingi hao ndio wanaojua hesabu ya sokoni kuliko sisi wenye vyeti. Muwe na ubao, au karatasi kubwa, na kalamu.

Sehemu ya 1: Kijana wa Wigan

Dave Whelan alizaliwa mwaka 1936. Alikulia Wigan, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Huko watu wengi walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe na viwanda vya pamba. Utoto wake uliangukia miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati chakula kiligawiwa kwa kadi.

Miaka ya 1950 akawa beki wa klabu ya Blackburn Rovers. Leo tukisikia "mchezaji wa Uingereza" tunafikiria magari na majumba. Wakati ule haikuwa hivyo. Kulikuwa na sheria kwamba mchezaji yeyote, hata akiwa hodari namna gani, asilipwe zaidi ya kiasi fulani kwa wiki. Mwaka 1960 kiasi hicho kilikuwa pauni 20. Sheria hiyo iliondolewa Januari 1961, baada ya wachezaji kuungana katika chama chao na kutisha kugoma.

Kwa hiyo mchezaji wa siku hizo alikuwa mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine. Jumamosi alishangiliwa na maelfu ya watu, na Jumatatu alihesabu senti za kodi ya nyumba.

*Swali la 1:* Hapa kwetu, ni kazi gani watu hushangilia au husifu, lakini mfanyakazi mwenyewe harudi na kitu nyumbani?

Sehemu ya 2: Siku ya fainali

Tarehe 7 Mei 1960, Blackburn Rovers waliingia uwanja wa Wembley mjini London kucheza fainali ya Kombe la FA na Wolverhampton Wanderers. Kwa mchezaji wa Uingereza, hakukuwa na siku kubwa kuliko hiyo.

Kabla tu ya mapumziko, Whelan alikutana na Norman Deeley wa Wolverhampton wakiugombea mpira. Mguu wa Whelan ukavunjika. Akabebwa nje kwa machela. Siku hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia badala yake. Sheria hiyo ilianza katika ligi ya Uingereza mwaka 1965. Wenzake wakabaki kumi, wakafungwa mabao 3 kwa 0. Mawili kati ya hayo yalifungwa na Deeley yuleyule.

Whelan alikuwa na umri wa miaka 23. Hakurudia tena kiwango kile. Alikaa muda mrefu bila kucheza, halafu akaenda Crewe Alexandra, klabu ya ngazi ya chini, akacheza huko hadi mwaka 1966. Aliendelea kucheza, ndiyo, lakini ile njia ya juu ilikuwa imefungwa dakika chache kabla ya mapumziko Wembley.

Ndugu zangu, hebu tutulie hapa kidogo. Tunawajua watu wa namna hii. Kuna aliyekatwa vidole na mashine ya kusaga. Kuna aliyeanguka kutoka juu ya mti wa mnazi. Kuna kijana aliyegongwa na gari akiwa na abiria wawili nyuma. Jana alikuwa anategemewa na watu wanane, na leo yeye mwenyewe anategemea watu wanane. Umaskini mwingi tunaoukuta vijijini haukuletwa na uvivu. Uliletwa na siku moja mbaya iliyokuta nyumba haina akiba.

*Swali la 2:* Katika kikundi chetu, mwanachama akiumia leo na kukaa miezi sita bila kazi, tuna mpango gani wa kumsaidia? Umeandikwa katika sheria zetu, au tunangoja kuchanga tukishapata habari?

Sehemu ya 3: Pauni 400

Baada ya kuumia, Whelan alilipwa fidia ya pauni 400. Tuipime pesa hiyo. Kama mshahara wa juu kabisa ulikuwa pauni 20 kwa wiki, basi pauni 400 ni mshahara wa wiki 20. Yaani miezi mitano hivi. Si utajiri. Mtu akiamua kukaa nyumbani na kula pole pole, mwezi wa sita sufuria iko tupu.

Pesa ya namna hii ina hatari yake. Huja yote kwa mara moja, na huja wakati mtu ana uchungu moyoni. Sisi wafanyakazi wa jamii tumeona mara nyingi: pesa ya fidia, ya kiinua mgongo, ya bonasi ya chai au ya shamba lililouzwa, inapokelewa siku ya Jumatatu, na kufikia mwezi wa tatu hakuna anayejua ilikoenda. Haikuibwa. Ilienda kidogo kwa shemeji, kidogo kwa rafiki wa zamani, kidogo kwa redio kubwa, kidogo kwa nyama. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Whelan alikodi mahali katika soko la Blackburn, akaanza kuuza vitu vya usafi wa mwili: sabuni, dawa ya meno na mengine kama hayo. Tazameni alichochagua. Hakuchagua bidhaa ya kujionyesha. Alichagua kitu ambacho kila nyumba hukitumia na hukimaliza, halafu hurudi kununua tena. Sabuni haina msimu. Na katoni moja ikiuzwa leo, kesho pesa yake inanunua katoni nyingine. Huko ndiko kuzungusha mtaji.

Pia alikuwa na kitu kimoja ambacho hakikulipiwa: watu wa Blackburn walimjua. Alikuwa mchezaji wao aliyeumia akiwachezea. Mteja hununua kwa mtu anayemjua. Lakini angalieni hapa: jina huleta mteja mara ya kwanza tu. Mara ya pili huletwa na bei na bidhaa nzuri.

*Swali la 3:* Taja bidhaa tano ambazo kila nyumba ya kijiji chetu hununua kila wiki. Ngapi kati ya hizo zinauzwa na mtu wa kijiji chetu? Ngapi tunazifuata mjini kwa nauli?

Hesabu ya ubaoni: kupunguza bei

Maduka ya Whelan yalikuja kujulikana kwa bei nafuu. Wengi wetu tunafikiri kupunguza bei ni kujitupa shimoni. Wengine wanafikiri ni dawa ya kila kitu. Tupige hesabu ya mfano wetu wenyewe.

Mama mmoja ananunua katoni ya sabuni yenye vipande 24 kwa shilingi 960. Kila kipande kimemgharimu shilingi 40.

- Akiuza shilingi 50, faida ni shilingi 10 kwa kipande. Kwa wiki anauza katoni moja. Faida: 24 × 10 = shilingi 240.
- Akiuza shilingi 46, faida ni shilingi 6 kwa kipande. Watu wakisikia, wakaja, akauza katoni mbili kwa wiki. Faida: 48 × 6 = shilingi 288. Ameongeza shilingi 48.
- Lakini akiuza shilingi 46 na wateja wakaongezeka kidogo tu, akauza katoni moja na nusu, faida ni 36 × 6 = shilingi 216. Amepoteza shilingi 24, na amechoka zaidi kuliko zamani.

Basi swali la kujiuliza kabla ya kushusha bei ni hili: nitahitaji kuuza vipande vingapi ili nisipungukiwe? Hapa jibu ni 40, kwa sababu 40 × 6 = 240. Chini ya 40 ni hasara, juu ya 40 ni faida. Na kama kijiji kizima hakiwezi kumaliza vipande 40 kwa wiki, mama huyu aiache bei ilipo.

Hesabu hii haiwezekani bila daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sehemu ya 4: Kutoka kibandani hadi madukani

Kutoka sokoni, Whelan aliingia katika maduka makubwa ya chakula ya kujihudumia, ambayo tunayaita supamaketi. Wakati ule yalikuwa mambo mapya Uingereza. Zamani watengenezaji wa bidhaa wangeweza kuamua bei, na mwenye duka asiruhusiwe kuuza chini yake. Sheria ya mwaka 1964 iliuondoa utaratibu huo kwa bidhaa nyingi. Waliojua kuuza kwa bei ya chini wakapata nafasi. Whelan alikuwa mmoja wao, akajenga maduka kama 10.

Mwisho wa miaka ya 1970 aliyauza maduka hayo kwa kampuni ya Morrisons kwa pauni milioni 1.5. Pauni 400 zilikuwa zimezaa namna hiyo kwa muda usiofika miaka 20.

Sikiliza vizuri: aliuza wakati biashara ilikuwa hai na ina wanunuzi. Sisi wengi huuza ng'ombe akishaanza kukohoa. Huuza shamba mtoto akiwa tayari amefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Anayeuza kwa shida hupangiwa bei na mnunuzi.

Whelan alikuwa pia na duka la vifaa vya michezo na uvuvi pale Wigan. Jina lake lilikuwa na herufi JJB, na yeye hakulibadilisha kuweka lake. Duka hilo moja likawa mawili, likawa mengi. Mwaka 1994 kampuni ya JJB Sports iliingia soko la hisa la London, yaani watu wa kawaida waliweza kununua sehemu ya umiliki wake. Mwaka 1998 ikamnunua mshindani wake mkubwa, ikawa muuzaji mkubwa kuliko wote wa vifaa vya michezo nchini humo. Baadaye ilikuwa na maduka zaidi ya 400.

*Swali la 4:* Kati ya mali ya kikundi chetu, ni ipi tungeweza kuiuza sasa kwa bei nzuri tukanunua nyingine inayozaa zaidi? Nani anaipinga hoja hiyo, na sababu yake ni nini? Msikilizeni mpaka amalize.

Sehemu ya 5: Klabu ya mji mdogo

Mwaka 1995 Whelan aliinunua Wigan Athletic, klabu ya mji aliokulia. Ilikuwa katika daraja la nne, daraja la chini kabisa la ligi ya kulipwa. Akasema ataifikisha Ligi Kuu. Watu walicheka. Mwaka 1999 klabu ikapata uwanja mpya wa watu 25,000. Mwaka 2005 ikapanda Ligi Kuu, ikakaa huko misimu 8 ikipambana na Manchester United, Arsenal na Chelsea.

Tarehe 11 Mei 2013 Wigan walirudi Wembley kwa fainali ya Kombe la FA dhidi ya Manchester City, timu yenye pesa nyingi mno. Ni kombe lilelile na jina la uwanja lilelile ambapo Whelan alivunjika mguu miaka 53 nyuma. Akiwa na miaka 76, aliwaongoza wachezaji wake kuingia uwanjani. Dakika ya 91 Ben Watson akafunga kwa kichwa, na Wigan wakashinda 1 kwa 0. Wengi wetu tunakumbuka vijana walivyopiga kelele siku hiyo katika vibanda vya video hapa kwetu.

Siku tatu baadaye, tarehe 14 Mei, Wigan walifungwa na Arsenal mabao 4 kwa 1 na kuteremka daraja. Hakuna timu nyingine iliyokuwa imewahi kuchukua kombe hilo na kuteremka Ligi Kuu msimu mmoja. Furaha na majonzi vilikaa nyumba moja wiki hiyo.

Sehemu ya 6: Mahali palipoharibika

Sasa tuingie sehemu ambayo vitabu vya kusifu matajiri huiruka.

*Kwanza, bei ya jezi.* Mwaka 2003, ofisi ya serikali ya Uingereza iliyosimamia ushindani wa haki katika biashara iliziadhibu kampuni kadhaa, JJB ikiwa mojawapo. Kosa lilikuwa kupatana kisiri kuhusu bei ya jezi za Manchester United na za timu ya taifa katika miaka ya 2000 na 2001, ili bei isishuke. Aliyeumia ni mzazi aliyemnunulia mtoto wake jezi. JJB ilipigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 8. Ilikata rufaa, faini ikapunguzwa hadi karibu milioni 6.7, lakini hatia ilibaki. Tafakarini jambo hili: mtu aliyepanda kwa kuuza bei nafuu, na kampuni yake ikaja kuadhibiwa kwa kuzuia bei isishuke.

*Pili, ulimi.* Mwaka 2014 gazeti lilimnukuu Whelan akisema maneno ya kuwadharau Wayahudi na Wachina. Aliomba radhi, lakini chama cha mpira cha Uingereza kilimpiga faini ya pauni 50,000 na kumfungia wiki 6. Machi 2015 akaacha uenyekiti wa klabu, na mjukuu wake wa miaka 23 akaushika. Heshima iliyojengwa miaka 50 inaweza kuchafuliwa na sentensi mbili. Sisi wenye vikundi vya makabila na madhehebu mbalimbali, tuchunge midomo yetu mikutanoni, na hata nje ya mikutano.

*Tatu, baada ya mwenyewe kuondoka.* Mwaka 2007 Whelan aliuza hisa za familia yake katika JJB kwa pauni milioni 190. Mara hii tena aliuza mapema. Wenye kubaki hawakuwa na bahati hiyo. Kampuni iliingia katika madeni na hasara, na mwaka 2012 ikashindwa kabisa, ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni. Wafanyakazi zaidi ya 2,000 wakapoteza kazi. Whelan mwenyewe alikuwa amenunua kutoka kwake kumbi za mazoezi ya mwili mwaka 2009, akaziita DW. Hiyo nayo ilianguka Agosti 2020, wakati korona ilipofunga milango ya biashara. Na klabu ya Wigan, ambayo familia yake iliiuza mwaka 2018, ilishindwa kulipa madeni mwaka 2020 na kukatwa pointi 12, ikateremka daraja tena.

Hapa ndipo pana jambo zito. Mwenye mali aliweza kuondoka na chake. Mwuzaji wa dukani, aliyesimama kutwa nzima akipanga viatu, hakuwa na cha kuuza ila kazi yake. Na mji uliopenda klabu uliachwa ukingoja kujua nani atailipia taa za uwanja.

*Swali la 5:* Wenye vibanda vya nyanya sokoni kwetu wakipatana wote wasishuke chini ya bei fulani, je, ni ushirika au ni kumkandamiza mteja? Na wakulima wakipatana wasimuuzie dalali chini ya bei fulani? Tofauti iko wapi? Wagawanyike pande mbili, kila upande useme dakika kumi.

*Swali la 6:* Kikundi chetu kikivunjika leo, nani ataumia zaidi: mwenyekiti, au mwanachama aliyechanga senti zake za mwisho? Sheria zetu zinamlinda nani?

Mfano mwingine kwa ufupi

Francis Lee alikuwa mshambuliaji wa Manchester City, na aliichezea Uingereza katika Kombe la Dunia la 1970. Yeye hakungoja kuumia. Akiwa bado anacheza, alianza biashara ya karatasi kuukuu, halafu akaingia kutengeneza karatasi za chooni. Wenzake walimtania. Mwaka 1984 aliiuza biashara hiyo kwa zaidi ya pauni milioni 8.

Mwaka 1994 akarudi Manchester City kama mwenyekiti. Huko mambo hayakumwendea. Mwaka 1996 klabu iliteremka Ligi Kuu, na mwaka 1998, mwaka uleule alioacha uenyekiti, ikashuka hadi daraja la tatu. Alifariki mwaka 2023, na watu wanamkumbuka kwa mabao yake.

Kwa hiyo anayefuga kuku vizuri asidhani moja kwa moja ataweza kuendesha matatu. Kila kazi ina shule yake.

Tumejifunza nini?

1. *Anza ukiwa na nguvu.* Lee alianza miguu ikiwa mizima. Whelan alianza akiwa majeruhi. Wote wawili walifika, lakini njia ya Lee haina maumivu. Anayechuna chai leo aanze mradi wake mdogo leo.

2. *Pesa ya mkupuo igawanywe kabla ya kufika.* Kaeni kama familia, mke na mume na watoto wakubwa, muandike: hii ya deni, hii ya chakula, hii ya mtaji. Ikishafika mkononi, masikio huziba.

3. *Chagua bidhaa inayorudiwa.* Sabuni, chumvi, sukari, mbegu, dawa ya mifugo. Faida ni ndogo, lakini mteja anarudi.

4. *Bei ishushwe kwa hesabu, si kwa hasira ya jirani.* Jueni idadi yenu ya 40.

5. *Uza ukiwa na nguvu ya kukataa.* Mnunuzi akijua huna njia nyingine, ndiye atakayepanga bei.

6. *Usimfinye mteja wako.* Faini inaweza isije kijijini kwetu, lakini watu hukumbuka.

7. *Mradi usisimame juu ya mtu mmoja.* Mwenyekiti hodari ni baraka, lakini akiondoka na kila kitu kikaanguka, hapakuwa na kikundi. Palikuwa na mtu na wafuasi wake. Mweka hazina afundishe mwingine. Daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao

Kila mwanachama afanye mambo mawili.

La kwanza: achague bidhaa moja anayoiuza, au angependa kuiuza, apige hesabu kama ile ya sabuni. Bei ya kununua, bei ya kuuza, faida kwa kimoja, na idadi ya kuuza kwa wiki. Asisahau nauli na kodi ya kibanda. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa shule.

La pili: nyumbani kwake waulizane swali hili jioni moja baada ya chakula: "Anayetuletea pesa akilala kitandani miezi mitano, tutakula nini?" Msiogope kulitaja. Kulitaja si kuliita.

Mkikutana, karani aandike majibu, na kikundi kiamue kama kianzishe mfuko wa dharura au kiongeze ule uliopo. Shilingi 20 kwa mtu mmoja kila wiki, kwa watu 25, ni shilingi 500 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 26,000. Haziwezi kujenga duka la Wigan, lakini zinaweza kumnunulia aliyevunjika mguu katoni zake za kwanza za sabuni, na meza ya kuziweka juu.

Tukutane katika somo lijalo. Njooni na madaftari.